Kitabu cha Che Guevara juu ya vita vya Fizi

Mseminari akiuliza kama inafaa kusoma kitabu cha Ernesto Che Guevara juu ya vita vya Congo, tunajibu: inafaa, ila sherti apime kila neno. Mambo yake yalitendeka kwetu, upande wa Fizi na ziwa Tanganyika, wakati ule ambao wazee wanauita vita ya Mulele.

Che alivuka ziwa kutoka Kigoma, akafika Kibamba tarehe 24 Aprili 1965. Wacuba walipewa majina ya hesabu ya Kiswahili. Yeye akaitwa Tatu. Akaondoka tarehe 21 Novemba mwaka ule ule.

Sifa ya kwanza ya kitabu ni ukweli. Tangu mwanzo mwandishi anakiri kwamba anaeleza habari ya kushindwa. Anaonyesha namna wakubwa walivyokaa mbali, Kigoma na Dar es Salaam, na askari wakabaki mlimani peke yao. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuja kuwa Rais mwaka 1997, alifika Kibamba mwezi wa saba, akarudi baada ya siku chache. Padri anayependa mji kuliko misioni yake asome habari hiyo mara mbili.

Lakini kuna mahali hatumkubali. Anawalaumu askari waliokataa kubeba mizigo, wakisema wao si motokari. Yeye anaona uvivu tu. Sisi tuliosikia masimulizi ya wazee tunajua chanzo cha neno lile: babu zao walibebeshwa mizigo kwa fimbo wakati wa Bula Matari. Mtu aliyekuja kuwakomboa hakutambua kidonda chao. Alijifunza Kiswahili kidogo kwa kijana Freddy Ilanga, lakini miezi saba haitoshi kwa kujua roho za watu.

Juu ya dawa anasema vizuri zaidi. Muganga aliahidi kwamba risasi haitamwumiza askari anayeshika miiko: asiibe, asiguse mwanamke, asiogope. Akifa, watu wanasema alivunja mwiko; na marehemu hawezi kujitetea. Wandugu makatekista, maji ya Mai-Mai yanafuata njia ile ile. Na sisi tukiwaambia vijana kwamba rozari shingoni inazuia risasi, tumegeuka waganga.

Tena kuna habari moja ambayo msomaji sherti aiweke kando ya kitabu hiki. Tarehe 28 Novemba 1964, karibu miezi mitano kabla Che hajafika, waasi waliwaua Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin kule Baraka, na Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert kule Fizi. Eklezia iliwatangaza Wenye Heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Che anasikitika kwa sababu ya wakubwa wasiokaa na watu wao. Hawa wanne walikaa. Hatusemi hivyo kwa kumcheka: yeye mwenyewe alilala mlimani na homa pamoja na askari wake, na mwaka 1967 aliuawa kule Bolivia.

Basi kitabu kisomwe, na maisha ya hao wanne yasomwe pamoja nacho. Kijana wa Kavumu anayeitwa porini na watu wa bunduki anauliza mambo mawili: nani atakaa nami, na nani ataniambia ukweli juu ya kifo? Padri na katekista wasipomjibu, wengine watamjibu upesi.