Hodi Kwenye Mlango wa Kizazi

"Mara ya mwisho uliziona siku zako lini, mama?"

Swali hili husikika katika kliniki za wajawazito Kasulu na Kibondo, na jibu lake mara nyingi halina tarehe. "Tulikuwa tunapanda maharage." Mkunga mgeni aliyeletwa na ajira kutoka mbali ataandika kwamba mama hakumbuki. Mkunga aliyezoea nyanda hizi za juu za Kigoma atauliza tena: maharage yapi? Maana huku hupandwa mara mbili, mvua zinapoanza kabla ya Krismasi, na tena Februari au Machi. Kama ni ya pili, mlikuwa mmeanza kupanda au mmekwisha? Jumatano ya Majivu ilikuwa imepita? Kwa maswali manne matano, lile "hakumbuki" linageuka kuwa tarehe 10 Februari. Kisha hesabu inayofundishwa vyuoni: ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu. Matarajio ni tarehe 17 Novemba, majira ambayo mbegu za maharage ya kwanza zinaingia ardhini.

Nimeanzia kwenye hesabu kwa sababu ufundi ninaotaka kuusifu huanzia hapo. Tukisikia fulani "ameanzishiwa uchungu", tunawaza sindano na dripu, kana kwamba kazi yote imefanywa na dawa. Lakini mkunga aliyekosea tarehe kwa wiki tatu atamsukuma nje mtoto ambaye hajakomaa, au atamrudisha nyumbani mama aliyekwisha kupitiliza.

Bibi mwenye wajukuu wengi atasema mtoto huja akitaka mwenyewe. Bibi yuko sahihi, kwa muda wa wiki moja hivi. Mimba huhesabiwa wiki 40, na wengi huzipita kwa siku chache bila neno lolote baya. Baada ya hapo kondo la nyuma, lililomlisha mtoto miezi yote hiyo, linaweza kuanza kuchoka, na hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda, kidogo kidogo lakini hupanda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri uchungu uanzishwe wiki 41 zikishatimia. Nchini Sweden walilinganisha makundi mawili yenye jumla ya wanawake wapatao 2,760: wa kwanza walianzishiwa katika wiki ya 41, wa pili wakangoja mpaka ya 42. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu watoto sita wa kundi lililongoja walikuwa wamekufa, na katika kundi la kwanza hakuna hata mmoja. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Wiki moja tu ndiyo iliyotenganisha makundi hayo.

Kwa mkunga wa zahanati ya kijijini, ufundi ni kuiona wiki hiyo mapema. Yeye haanzishi uchungu. Kanuni ni kwamba kazi hii haifanyiki mahali pasipo na chumba cha upasuaji karibu, kwa kuwa mlango wa kizazi ukikataa kufunguka au mtoto akichoka, lazima pawe na njia nyingine. Basi humwandikia mama rufaa ya kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kibondo, au Kasulu mjini, au Kabanga, naye huiandika huku akiangalia mbingu, maana barabara ya udongo mwekundu ikinyeshewa haina cha wiki ya 41 wala ya 42.

Hospitalini vidole viwili huenda kuuliza swali la kwanza. Mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani? Umefupika kiasi gani? Ni mgumu au laini? Umetazama nyuma au umekuja mbele? Na kichwa cha mtoto kimeshuka mpaka wapi? Mambo hayo matano yalipangwa kwa alama na daktari wa Marekani, Edward Bishop, mwaka 1964, na hadi leo jumla yake ndiyo inayoamua waanze na lipi. Wanafunzi wa ukunga hufundishwa kwa kugusa nyuso zao wenyewe. Mlango mgumu kama ncha ya pua bado haujawa tayari. Laini kama mdomo, umeiva.

Na wanasema kweli "umeiva". Katika nchi hii ya Waha, ambako ndizi huvundikwa, hili halihitaji maelezo marefu. Ndizi mbichi hata uikamue vipi haitoi kitu. Vivyo hivyo mlango mbichi ukiutilia dripu kali: utamtesa mama siku nzima bila kufunguka. Kwanza uivishwe.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mtu mwenye adabu akifika kwenye nyumba ya watu hupiga hodi, akanyamaza, akasikiliza. Hodi ya pili hungoja kimya cha kumtosha mwenye nyumba kujifunga kanga. Dozi ya kuivisha mlango imepangwa kwa adabu hiyohiyo. Tembe ya misoprostoli, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, mara nyingi huwa na mikrogramu 200. Kinachotakiwa ni 25, sehemu moja ya nane. Kuikata kwa wembe vipande vinane huacha kimoja kinene na kingine unga mtupu. Kwa hiyo njia mojawapo ni kuiyeyusha yote katika mililita 200 za maji safi: kila mililita inabeba mikrogramu moja. Koroga, pima mililita 25, mama anakunywa. Hodi. Kisha saa mbili za kungoja. Kabla ya kikombe cha pili, mkono unarudi tumboni na sikio linarudi kusikiliza. Uchungu ukiwa umeshika vizuri, kikombe hakitolewi. Aliyeitikiwa "karibu" haendelei kugonga.

Mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji hapewi kikombe hicho, kwa sababu mshono wa zamani kwenye mfuko wa uzazi unaweza kuachia. Kwake, na kwa wengine wengi, kuna njia isiyo na dawa kabisa: ule mpira wa mkojo unaojulikana wodini kote. Ncha yake hupitishwa taratibu ndani ya mlango wa kizazi, kifuko chake kikajazwa maji safi mililita 30 hadi 60, mpira ukavutwa kidogo na kubandikwa pajani. Kifuko hukaa pale kikisukuma polepole. Kikidondoka chenyewe, mara nyingi njia imekwisha kufunguka sentimita tatu au nne.

Kisha huja kazi ambayo mpita njia hataiona kuwa ni kazi. Mkunga huweka kiganja juu ya tumbo na kukaa hivyo dakika kumi. Anahesabu tumbo linakaza mara ngapi na kila mkazo unadumu kiasi gani. Mara tatu au nne ni vyema. Zikizidi tano, mfuko haupumziki, na mtoto hupata damu ya kutosha wakati wa kupumzika. Halafu huinama na pembe ya kusikilizia, ile iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Mkunga hodari huishikilia kwa sikio peke yake; mikono yote imeachia, maana kidole juu ya pembe huleta kelele. Mkono mmoja uko kwenye kifundo cha mkono wa mama, unapima mapigo yake, ili mapigo ya mama yasije yakahesabiwa kuwa ya mtoto. Dakika nzima, mkazo unapomalizika. Kati ya 110 na 160, mtoto hajambo.

Dripu ya oksitosini ikihitajika, nayo huanza kwa matone machache kwa dakika, yakaongezwa kidogo kila nusu saa, mkunga akihesabu kwa saa ya kifuani. Dripu hii haiachwi peke yake. Mikazo ikizidi au mapigo ya mtoto yakishuka, hufungwa mara moja, mama akalazwa ubavu wa kushoto. Yote huandikwa kwenye patografu, karatasi ambayo Philpott na Castle waliieleza mwaka 1972 kutokana na kazi yao Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, ili mkunga aliye mbali na daktari ajue kwa macho lini safari ya uchungu imekwama.

Na mama ategemee nini? Mkunga mzuri humwambia mapema. Mzaliwa wa kwanza anaweza kumchukua siku mbili, uzao wa tatu ukaisha kabla ya jua kuzama. Uchungu wa dripu huja kwa kasi kuliko ule unaojianzia. Atembee, anywe uji na chai. Huenda mwisho ukawa upasuaji, na hiyo si aibu ya mtu. Humwuliza pia, kwa sauti ya chini na bila kukaripia, kama nyumbani amepewa mitishamba ya kuongeza uchungu, kwa kuwa dawa mbili zikikutana mfuko unaweza kupasuka. Swali hilo likiulizwa kwa Kiha hupata jibu la kweli, na mama mkimbizi kutoka Burundi hulielewa pia, maana lugha hizo ni ndugu. Mkoani humu mradi wa Thamini Uhai ulijaribu hata kumpa mama mwenza wa kukaa naye leba: mtu wa kumshika mgongo na kumwambia pole.

Kigoma inajua mambo madogo yanavyojumlika. Mwaka 1984, katika hospitali ya mkoa ya Maweni, vifo vya akina mama vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake walipanga hatua 22, nyingi kwa kutumia walichokuwa nacho pale pale. Kufikia mwaka 1991 vifo vilikuwa 186.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kutotukana ni heshima ya kiwango cha chini sana kwa watu wanaopima mililita 25 usiku wa manane na kurudi baada ya saa mbili kama walivyoahidi.

Mtoto akishalia, kondo likishatoka, mkunga hufungua daftari. Neno atakaloandika halisemi kwamba yeye ndiye aliyefungua. Neno letu limemwachia mama kazi yote: amejifungua. Mkunga huliandika hivyo, hujaza saa na uzito, hutia sahihi yake kwenye safu nyembamba iliyobaki, kisha huosha mikono. Kitanda cha pili kimefikisha saa mbili zake.