Riwaya Isiyo na Jalada

Wasomaji wengi wa Kiswahili waliokua katika miaka ya 1970 na 1980 wana riwaya moja ya upelelezi wanayoitafuta hadi leo. Jina limewatoka, na mwandishi hawakuwahi kumjua, kwa kuwa kitabu kiliwafikia kimekwisha kupita mikononi mwa watu wengi na jalada limeng'oka. Vimebaki vipande: mtu mwenye kiko, simu inayolia usiku, adui anayejiandaa gizani. Wakiulizia, huanza na kisa: nani aliuawa, wapi, kwa sababu gani. Naamini hapo ndipo wanapopotea. Visa vya upelelezi hufanana sana, kwani maiti, nyaraka zilizoibwa na watu wenye sura mbili vimo karibu katika kila kitabu. Kisichofanana ni namna mwandishi anavyoigawa habari: nani anajua, nani hajui, na msomaji ataambiwa lini. Mgawo huo ndio umbo la riwaya, na ndio unaoamua ni kipande gani kitakachodumu kichwani.

Riwaya niliyoitafuta mimi niliikumbuka kwa kimya cha mtu mmoja. Alikuwa anajua, na hasemi. Rafiki yake aliuliza, akakisia, akauliza tena, naye akavuta kiko chake. Kimya hicho kinatosha kututambulisha kwa mpelelezi Bwana Msa na rafiki yake Najum, wahusika wa Muhammed Said Abdulla, mwandishi aliyezaliwa Makunduchi, Unguja. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa akaendelea kuishi katika *Kisima cha Giningi*, *Siri ya Sifuri*, *Mwana wa Yungi Hulewa* na nyinginezo.

Tazama kazi anayopewa Najum. Anaona anachokiona Bwana Msa, anasikia anachokisikia, na bado haelewi. Msomaji amewekwa upande wake. Dalili zote ziko mbele yetu. Kinachofichwa ni uhusiano kati yake. Ndiyo maana Abdulla anaegemea mazungumzo marefu kuliko mapigano. Ushahidi wake umo katika maneno ya watu: katika nasaba zao, katika mambo waliyoyasema kwa bahati mbaya na waliyoyanyamazia kwa makusudi. Na kwa kuwa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mauaji yanatokea mahali pa mzimu, kila dalili ina tafsiri mbili, ya hofu na ya hoja. Mwandishi haibezi hofu. Anaiacha ikue, kwa sababu ufumbuzi wa Bwana Msa hauwezi kuwa na uzito ikiwa tafsiri ya kwanza haikututia baridi. Jibu linakuja mwishoni, kwa maelezo, fundo baada ya fundo. Aliyesoma nakala isiyo na kurasa za mwisho amekikosa kitu kikubwa, na hata akizeeka atakumbuka swali kuliko jibu.

Sasa chukua *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974. Nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika zimeibwa, na mpelelezi Willy Gamba anatumwa kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi kuzirudisha. Hapa mpelelezi anasimulia mwenyewe, na nafsi hiyo ya kwanza inageuza kila kitu. Jina la kitabu linauliza kama shujaa atakufa au atapona, lakini aliyekufa hasimulii, kwa hiyo jibu tunalo tangu aya ya kwanza. Mvutano unahama kutoka kwenye kama ataokoka hadi kwenye jinsi atakavyookoka. Sentensi zinafupika, simulizi linashika mwendo, na mji unapita mbele yetu kwa jicho la mtu anayetazama mlango wa kutokea. Msomaji wa Musiba, miaka mingi baadaye, huwa hakumbuki nyaraka zilikuwa na nini. Anakumbuka kasi, na kitabu hicho kinampa kasi kabla ya kitu kingine chochote. Hata kurasa za mwisho zikikosekana, hasara si kubwa kama ile ya Abdulla.

Ben Mtobwa, katika *Tutarudi na Roho Zetu?*, anafuata njia ya tatu. Msimulizi wake hamwandami shujaa, Joram Kiango, peke yake. Anaingia hata upande wa adui. Tunaijua hatari kabla shujaa hajaijua. Hatukisii tena muuaji ni nani, bali tunamwona akikaribia na hatuna namna ya kumwonya Joram. Anayekumbuka adui waziwazi kuliko mpelelezi, na kukumbuka hofu kuliko fumbo, basi aanze kutafuta huku.

Kuna pia umbo linalokusanya hofu yote katika kifaa kimoja, kama alivyofanya Faraji Katalambulla katika *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Simu, chombo cha kuleta habari, inaleta kifo, na mtoto aliyesahau majina yote hawezi kuusahau mlio wake.

Wahakiki wetu wamezoea kuziita kazi hizi riwaya pendwa na kuzipita haraka kuelekea riwaya zinazohesabiwa kuwa nzito, kana kwamba kupendwa ni dalili ya wepesi wa ufundi. Kumbukumbu za wasomaji zinapinga hukumu hiyo. Mtoto asiyejua neno usimulizi aliondoka na athari halisi ya usimulizi: kwa huyu shaka, kwa yule kasi, kwa mwingine hofu. Athari hiyo haikuja kwa ajali. Mwandishi aliipanga, aya kwa aya, na ikashika hata pale jina lake lilipofutika.

Kwa hiyo anayetafuta riwaya yake ya utotoni ajiulize kwanza alijua nini wakati anasoma, na nani mwingine ndani ya kitabu alijua vilevile. Kama alikuwa gizani pamoja na rafiki wa mpelelezi, amwendee Abdulla. Kama alikimbia ndani ya nafsi ya mpelelezi, amjaribu Musiba. Kama alijua zaidi ya shujaa na hakuweza kumsaidia, amshike Mtobwa. Na akikipata, akisome upya kwa makini anayoyatoa kwa kitabu chochote cha fasihi, kwa maana kinayastahili.