Neno “Rangi” na Mtihani wa Kufasiri Kiingereza cha Kati

Maneno yanayoonekana mepesi aghalabu ndiyo yanayomponza mfasiri. Kamusi humpa neno moja tu, rangi, naye huliandika bila ya kusita. Lakini Kiingereza cha Kati, yaani kile kilichotumika tangu karne ya 12 hadi ya 15, kilikuwa na maneno kadhaa ya kutajia rangi, na kila moja lilibeba mzigo wake.

Neno la asili lilikuwa hewe. Lilitokana na hiw la Kiingereza cha Kale, ambalo lilitaja sura, umbo, hata aina ya kitu, pamoja na rangi yake. Mtu aliyesemwa kwamba hewe yake imegeuka hakuwa amepakwa chochote. Uso wake ndio uliosawijika au kuiva. Baadaye Kifaransa kilileta coloure, lenye asili ya Kilatini. Hilo lilitaja rangi ya ua, ya mchoraji na ya uso. Lakini pia lilitaja kisingizio, na mapambo ya usemi katika elimu ya balagha.

Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliichezea hazina hiyo katika Canterbury Tales. Mwenye mashamba aitwaye Franklin, kabla ya kuanza hadithi yake, anadai kuwa yeye si msomi: rangi anazozijua ni zile zimeazo kondeni na zile zitiwazo na watu katika nguo au michoro; rangi za balagha hazijui. Dai hilo lenyewe ni balagha tupu, na kichekesho chake chote kimesimama juu ya neno moja.

Kiswahili nacho kilikopa rangi kutoka Kiajemi. Neno hilo hutaja sifa ya kitu, hutaja kitu chenyewe kinachopakwa ukutani, na hutaja ngozi, kama katika ubaguzi wa rangi. Mapambo ya usemi yana maneno yake: nakshi, madoido. Mfasiri akiandika nakshi mahali pa tatu, maana imehifadhiwa lakini mzaha umekufa.

Wapo waliozihesabu lugha za Kibantu kuwa maskini kwa sababu vivumishi vyake vya rangi ni vichache. Kweli, katika Kiswahili ni -eupe, -eusi na -ekundu tu vinavyopokea upatanisho wa ngeli. Manjano, kijivu na kahawia vimetokana na majina ya vitu. Lakini na msikilizwe mzee wa Giakanja, karibu na mji wa Nyeri, akizungumza Kikuyu. Mbuzi mweupe kwake ni mbũri njerũ, na nguo mpya ni nguo njerũ; maandishi ya kawaida, yasiyoonyesha toni, hayatofautishi weupe na upya. Muktadha ndio unaoamua. Udongo mwekundu uliotumiwa kujipaka una jina lake, thĩrĩga, na chokaa nyeupe ya matambiko huitwa ira. Huo si umaskini, bali ni mpango mwingine wa kuigawa dunia. Msomi asiyemwita Chaucer maskini kwa sababu hewe ni sura na rangi pamoja, hana haki ya kuliita njerũ neno pungufu.

Basi usawa wa maneno hautafutwi katika kamusi, bali katika matumizi. Hewe ya uso uliogeuka ifasiriwe kwa sura au wajihi. Coloure ya mdanganyifu iwe kisingizio. Lakini katika maneno ya Franklin, rangi haina budi kubaki mara zote tatu, hata kama “rangi za balagha” zitasikika ngeni kidogo. Ugeni huo utazoeleka; mzaha uliopotea hautarudi. Mwanafunzi wa Giakanja, aliyekua na lugha ambamo neno moja hubeba mengi, hatashindwa kucheka. Anayehitaji kufunzwa ni mfasiri anayemdhania kuwa atashindwa.