Ushuhuda wa Kiungani na Hukumu Yetu juu ya "Uhuru wa Watumwa"

Utangulizi

Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934, kimepata hukumu nzito mikononi mwa wahakiki. Husemwa kwamba mwandishi amewasifu Waingereza kupita kiasi, kwamba amewatwika Waarabu peke yao lawama yote ya biashara ya watumwa, na kwamba kwa hiyo kitabu chake ni tunda la elimu ya kikoloni. Makala haya hayakusudii kuitangua hukumu hiyo yote, kwani sehemu yake kubwa ni ya haki. Tunachodai ni kwamba imetolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kitabu cha Mbotela kimesomwa kana kwamba hakina wazazi katika fasihi ya Kiswahili. Wazazi anao, nao wanapatikana katika historia ya misheni za pwani, hasa ile iliyojaribu kupanda kanisa katika mji wa Unguja.

Misheni katika mji wa wengine

Misheni ya Vyuo Vikuu, ijulikanayo kwa kifupi kama UMCA, ilianzishwa kufuatia wito alioutoa Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alifariki mwaka 1862 katika nchi ya mto Shire, na mwaka 1864 askofu aliyemfuata, Tozer, akahamia Unguja pamoja na Edward Steere. Yafaa ikumbukwe kwamba Unguja haukuchaguliwa kwa ajili ya Unguja wenyewe. Ulichaguliwa uwe mlango wa kuingilia bara.

Mji wenyewe haukuwa shamba tupu lililongojea mbegu. Ulikuwa na misikiti, makadhi, wanavyuoni na vyuo vya kufundishia Kurani. Mgeni aliyekuja kuhubiri dini mpya alikuta watu wenye kitabu chao, hati yao na hoja zao. Steere alihubiri kwa Kiswahili, na watu wa mji walikuja kumsikiliza na kujadiliana naye, lakini walioongoka miongoni mwao walikuwa wachache mno.

Basi kanisa lilipata wapi waumini? Jibu ni katika majahazi ya watumwa. Wanafunzi wa kwanza wa Tozer walikuwa wavulana watano waliokamatwa jahazini, nao walikabidhiwa kwake na Sultani Majid. Wengi waliowafuata walikuwa watoto waliotekwa bara na kuokolewa baharini na manowari za Kiingereza. Hawa hawakuwa watoto wa mjini. Hawakuwa na ukoo hapo, wala mtaa, wala mzee wa kuwasemea.

Jambo hili laonekana hata katika ramani. Chuo cha wavulana kilijengwa Kiungani, na kijiji cha walioachwa huru kikajengwa Mbweni, kote nje ya mji. Hali haikuwa tofauti kwa misheni nyingine. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, lakini kituo chake kilipofunguliwa mwaka 1846 kilikuwa Rabai, si Mombasa. Watawa wa Kifaransa waliotangulia kukaa Unguja walivuka bahari kwenda Bagamoyo mwaka 1868. Nayo CMS ilipotaka mahali pa kuwaweka watumwa walioachwa huru, ilijenga Freretown mwaka 1875, ng'ambo ya maji, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Kanisa kuu la Mkunazini, katikati ya mji wa Unguja, ndilo lililokwenda kinyume cha desturi hii. Lakini hilo nalo lilijengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ibada ya kwanza ikafanywa humo Krismasi ya mwaka 1879. Kanisa lilipoingia mjini, liliingia mahali pale ambapo watu kama waumini wake waliuzwa.

Sauti mbili

Kutokana na hali hiyo, misheni ilisikia sauti mbili za Kiswahili, na kila moja iliipa nafasi yake.

Sauti ya kwanza ni ya mji. Mwaka 1870 Steere alitoa Swahili Tales, mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mojawapo ni ile ya Sultani Darai. Ndani yake maskini mmoja afukuaye jaani aokota thumuni, anunua paa, na paa huyo kwa akili zake amwoza bwana wake binti wa sultani na kumpatia jumba la fahari. Lakini paa anapougua, bwana hamjali. Anapokufa, mzoga wake watupwa kisimani. Hatimaye yule bwana aamka na kujikuta jaani, akifukua kama zamani. Mtu asomaye hadithi hii akikumbuka kwamba ilisimuliwa katika mji ambao utajiri wake ulitegemea migongo ya watumwa, hawezi kuiona kuwa ni kisa cha mnyama tu. Inamhusu mtumishi aliyemtajirisha bwana wake kisha akatupwa. Lililo muhimu hapa ni kwamba msomaji anaweza kulipima jambo hilo kwa maneno yenyewe ya msimulizi, kwa kuwa yamehifadhiwa katika Kiswahili chake.

Sauti ya pili ni ya wale walioletwa. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa huko London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye simulizi za wavulana wa shule za UMCA. Humo vijana kutoka bara, wakiwamo Wayao na Wamakua, wanaeleza walivyozaliwa, walivyotekwa, walivyouzwa mkono kwa mkono hadi pwani, na walivyofika misheni. Lugha ya shule yao ilikuwa Kiswahili. Lakini kitabu chenyewe ni cha Kiingereza kitupu. Madan, ambaye baadaye alitunga makamusi ya Kiswahili, alizitafsiri simulizi hizo na kuzitoa bila Kiswahili chake.

Tofauti ya vitabu hivi viwili yastahili kuangaliwa kwa makini. Hadithi za mji zilionekana kuwa lugha, zikahifadhiwa kwa ajili ya wenye kujifunza lugha. Simulizi za vijana zilionekana kuwa habari, na habari ikishahamishwa katika lugha nyingine, chombo chake cha kwanza hakihitajiki tena. Wala haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na njia ya kupiga chapa Kiswahili. Misheni ilikuwa na mtambo wake, na vijana wale wale ndio waliofundishwa kupanga herufi. Mwaka 1888, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Madan, gazeti la Msimulizi lilianza kutoka Kiungani kwa Kiswahili. Kilichokosekana ni fikira kwamba maneno ya mateka yaweza kuwa fasihi.

Umbo la ushuhuda

Ijapokuwa tunasoma tafsiri, umbo la simulizi hizo halikupotea. Nyingi zafuata njia moja: kijiji na wazazi, vita au hila, msafara wa kwenda pwani, jahazi, manowari ya Kiingereza, kisha misheni. Hapo simulizi hukoma. Mwenye kusimulia yuko hai, ana jina jipya, naye anajua kusoma. Huu ndio ushuhuda, na kila kanisa lililopandwa miongoni mwa watu waliong'olewa kwao liliuhitaji. Mtu asiye na ukoo wa kuutaja katika mji wa wengine hutaja safari yake. Safari ndiyo nasaba yake.

Tukirudi sasa kwa Mbotela, tutaona kwamba umbo ni lile lile. Mbotela alikuwa mtoto wa Freretown, na baba yake alikuwa mmoja wa waliotekwa bara, wakaokolewa baharini na kuwekwa hapo. Kitabu chake chaeleza kutekwa, msafara, jahazi, kuokolewa, na maisha mapya chini ya misheni. Hakuyazua mambo haya kwa kumpendeza mtawala wa mwaka 1934. Aliyapokea kama urithi wa nyumbani, jinsi wengine wanavyopokea tendi za mababu. Sifa anazowapa Waingereza ni sehemu ya umbo hilo: katika ushuhuda lazima awepo mwokozi, na kwa baba yake mwokozi alikuja kweli kwa manowari.

Mpinzani atasema kwamba hoja hii yageuza udhaifu kuwa sifa. Sivyo. Kueleza chanzo cha umbo si kulitetea. Kwa hakika ni kwa kulifahamu umbo ndipo twaweza kuuona upungufu wake halisi, ambao ni mkubwa zaidi ya ule uliokwisha kutajwa. Ushuhuda huishia mlangoni mwa misheni. Kwa hiyo hauna nafasi ya kutosha ya kuuliza yaliyotokea ndani: ni nani alipanga kazi, ni nani alitoa adhabu, na mtu aliyeokolewa alikaa miaka mingapi akishukuru kabla ya kuruhusiwa kulalamika. Umbo lililompa mateka sauti ndilo pia lililomfunga kinywa alipokwisha kufika. Hapo ndipo mhakiki angepaswa kumkabili Mbotela, badala ya kumlaumu tu kwa kuwapenda Waingereza.

Hitimisho

Mambo mawili yafuata. La kwanza lahusu ufundishaji. Katika vyuo vyetu historia ya nathari ya Kiswahili aghalabu huanzia kwa wageni waliokusanya, kisha huruka hadi kwa Mbotela na Shaaban Robert. Vijana wa Kiungani hawatajwi kwa sababu kitabu chao kiko katika Kiingereza. Twapendekeza kisomwe darasani pamoja na Uhuru wa Watumwa. Isishauriwe kukitafsiri kwa Kiswahili na kukiita asili, maana Kiswahili hicho kitakuwa chetu na si chao. Kisomwe kama kilivyo, na mwanafunzi aonyeshwe pengo lililomo.

La pili latugusa sisi wenyewe kwa karibu zaidi. Vijana wale hawakuzaliwa na Kiswahili. Walikipata njiani, katika msafara na jahazini, wakakisafisha shuleni, wakakitumia kuandika maisha yao. Waandishi wengi wa Kenya leo, na walimu wengi wa lugha hii katika vyuo vikuu, wana lugha nyingine ya mama. Tumezoea kuulizana kama mtu wa bara aweza kuandika Kiswahili chenye uhai, na hulijadili swali hili kana kwamba ni jipya. Kabla ya mwaka 1887 lilikwisha kujibiwa kwa vitendo na vijana waliofika pwani bila hiari yao. Jibu lao ndilo halikupigwa chapa katika lugha waliyoliandikia.