Soma Ubao Kwanza

Mnunuzi mgeni akikabidhiwa besi kuukuu isiyo na freti, kitu cha kwanza anachofanya ni kuigeuza nyuma kutafuta namba. Wewe omba taa. Washa hata tochi ya simu, ilaze kando ya shingo, mwanga upite juu ya ubao kwa mshazari. Kila mfereji uliochimbwa na nyuzi utajitokeza kama nyayo mchangani jua linapokaribia kuzama. Besi iliyopigwa kweli ina vijishimo vinavyong'aa chini ya nyuzi mbili nyembamba, hasa pale ambapo freti ya tatu hadi ya tisa zingekuwa. Ubao laini mwanzo hadi mwisho una maana mbili tu: ama besi ililala chini ya kitanda miaka arobaini, ama imepitishwa msasa. La kwanza hutokea kwa nadra.

Besi hizi zinajila zenyewe, na hilo ulielewe kabla hujatoa hata shilingi. Gitaa la kawaida lina freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Kidole kikibonyeza, uzi unagusa chuma, na chuma ndicho kinacholika. Besi isiyo na freti uzi wake unagusa mbao. Ule mlio wa "mwaa" unaochanua baada ya kidole kuachia uzi unatokana na uzi kugongagonga ubao kidogokidogo unapotetemeka. Nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo hunguruma vizuri zaidi, na hukwangua zaidi. Nyuzi za waya bapa huuhurumia ubao, ila mngurumo unapungua na sauti inakuwa ya kifuani, karibu na ile besi kubwa ya kusimama inayopigwa kwenye taarabu ya Unguja. Mimi hutumia bapa siku za mazoezi na mviringo siku ya jukwaa, na kila nikibadilisha hujilaumu.

Zana yenyewe haina umri mkubwa. Bill Wyman aling'oa freti za besi yake ya bei rahisi mwaka 1961, kabla hajajiunga na Rolling Stones, akikusudia kuweka mpya. Akaipenda sauti aliyoisikia, akaacha. Kampuni ya Ampeg ya New Jersey ilitoa AUB-1 mwaka 1966, yenye matundu mawili ya umbo la f yaliyotoboa mwili hadi upande wa pili. Fender walifuata mwaka 1970 kwa Precision isiyo na freti, jambo linalonichekesha hadi leo, maana besi hiyo ilipozaliwa mwaka 1951 iliitwa "usahihi" kwa sababu ya freti zake. Ongeza hapo StingRay ya Music Man, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, na besi za Wal za Uingereza walizozipiga Mick Karn na Percy Jones, nawe umeshayajua majina mengi yanayogombaniwa sokoni.

Sasa kuna zilizotoka kiwandani bila freti, na kuna zilizong'olewa freti na mwenyewe au fundi wa mtaani. Wakusanyaji wa vitu vya kale huzitukuza za kwanza na kuzishusha bei za pili. Mimi sina ugomvi na yoyote, mradi nijue ninanunua ipi. Niliwahi kununua moja kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ilitoka kiwandani vilevile. Ubao ulikuwa mweusi, haukuwa na hata mstari. Nikaja nayo pwani. Masika yalipoingia, ubao ukaanza kuota mbavu: vijiti vya mbao vilivyojazwa kwenye nafasi za freti vilinywa unyevu na kuvimba, na rangi nyeusi iliyopakwa juu yake ikapasuka mstari kwa mstari. Nilihesabu ishirini.

Ningeangalia ubavuni ningejua siku ileile. Nafasi ya freti mara nyingi hukatwa hadi ukingoni, kwa hiyo aliyeijaza anaacha kijidoa kila upande wa shingo. Tazama pia vile vitone vya ubavuni vinavyomwongoza mpigaji. Kwenye besi yenye freti, kitone hukaa katikati ya freti na freti. Freti zikiondolewa, kitone kinabaki nyuma ya mahali noti ilipo, na anayekiamini atapiga chini ya sauti usiku kucha. Besi nyingi zilizoundwa bila freti huwekewa kitone palepale penye noti. Halafu shuka kwenye daraja. Freti ina kimo cha milimita moja hivi. Ukiiondoa, nyuzi zote zinabaki juu kwa kiasi hicho. Fundi mzuri atachonga upya kile kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi karibu na kichwa, na atarekebisha pembe ya shingo. Fundi mvivu atazishusha skrubu za daraja hadi zikwame chini, basi. Ukiona hivyo, shingo ile bado inakudai pesa.

Mpiga besi Jaco Pastorius ndiye aliyewafanya vijana wengi duniani wachukue koleo kung'oa freti. Fender Jazz yake ya mwaka 1962 haikuwa na freti tena alipoipiga; ubao ulipakwa epoksi ya kupakia mashua, ukawa mgumu na unaong'aa kama kioo. Sikiliza albamu yake ya kwanza ya mwaka 1976, utasikia epoksi ile: noti zinaimba badala ya kunong'ona. Besi iliibwa New York mwaka 1986, yeye akafariki mwaka uliofuata, na ilipopatikana miaka mingi baadaye ikafika mikononi mwa Robert Trujillo wa Metallica. Tangu wakati huo kila muuzaji mwenye ubao uliopakwa epoksi anakutajia Jaco. Usiukatae, ila upime. Epoksi nzuri imekaa sawasawa, haina mapovu, na ukigonga kwa ukucha inalia sauti moja kote. Ikilia "tok" hapa na "pof" pale, imeachana na mbao.

Unene wa ubao wengi huusahau. Fender za miaka ya mwanzo ya 1960 zilikuwa na ubao mnene wa rozwudi. Kuanzia mwaka 1962 wakahamia ubao mwembamba uliopinda kufuata shingo. Ubao mwembamba ukipitishwa msasa mara tatu nne, chini yake kuna mepo nyeupe inayosubiri kuchungulia. Utazame kutokea mwisho wa shingo, karibu na mwili: ukiwa mnene katikati na mwembamba kama karatasi pembeni, hauna tena cha kumpa fundi. Kuna pia suala la mpakani. Rozwudi ya Brazil, waliyoitumia watengenezaji wengi wa zamani, biashara yake ya kimataifa imebanwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 1992, na kuivusha nchi hutaka vibali. Mti huo ni ndugu wa mpingo wetu, wote ni Dalbergia. Mafundi wachache siku hizi hutengeneza ubao kwa mpingo wenyewe, na nyuzi za mviringo huchukua muda mrefu kuuachia alama.

Unyoofu wa shingo hupimwa hivi: bonyeza uzi mnene mwanzo wa ubao na mwisho wake kwa wakati mmoja, uchungulie katikati. Pawe na mwanya mwembamba kuliko kadi ya biashara. Pasipokuwa na mwanya kabisa, mlio utakuwa wa nyuki aliyefungiwa chupani. Mwanya ukiwa mkubwa, nondo ya ndani ikazwe, na kwenye Fender nyingi za zamani nati yake iko chini ya shingo, hadi ulegeze skrubu ndipo uifikie. Muuzaji akikataa nati ijaribiwe hata robo mzunguko, huenda ameshajaribu mwenyewe ikamgomea.

Baada ya hapo, chomeka kwenye amplifaya, weka vidhibiti katikati, usiongeze madoido. Shika uzi mwembamba kabisa, nafasi ya tano, piga noti moja, usitikise kidole, uhesabu. Rudia nafasi ya sita, na ya saba. Shingo nyingi za Fender huiba sauti hapo, kwa sababu mbao yenyewe hutetemeka kwa kasi ileile ya noti na kuinyonya nguvu. Noti ikizimika ukiwa umehesabu hadi tatu ilhali jirani yake inafika nane, punguza bei au rudisha besi ukutani. Hakuna msasa wala epoksi itakayoitibu.

Umeme mimi huutazama mwisho, na kwa haraka. Nyuma ya vidhibiti vya sauti kuna tarakimu: 1376633, kwa mfano, maana yake ni kampuni ya CTS (137), mwaka 1966, wiki ya 33. Kidhibiti kikiwa cha awali, besi haiwezi kuwa imekamilika kabla ya tarehe hiyo, lakini ingeweza kuungwa miezi mingi baadaye. Risasi ya kulehemia ikiwa inang'aa mpya, mtu aliingia humo. Kama alibadilisha kidhibiti kilichokufa, mimi namshukuru. Chumvi ya pwani huua viwili vitatu kila miaka michache.

Sikio haliuzwi pamoja na besi. Mzee mmoja mpiga udi, Unguja, alikuja kwangu nikampa ajaribu. "Mwanangu, hii nzito kama mlango," akasema, akaiweka pajani badala ya kuvaa mkanda. Noti yake ya kwanza ilitua pale pale, na ya pili, na ya tatu. Udi nao hauna freti. Kisha akateleza kwa nusu ya nusu sauti, mahali ambapo piano haina kitufe, akacheka. Wapiga besi waliotoka kwenye freti, mimi nikiwemo, tulihitaji miezi kufika hapo, kidole kikitua juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama tulivyozoea.

Ninayoimiliki sasa ni Precision ya miaka ya sabini iliyong'olewa freti, na niliambiwa hivyo kabla sijalipa. Kwenye uzi wa pili ina kijishimo kirefu, pale penye noti ya fa, na kimekaa milimita mbili hivi mbele ya mahali pake. Mwenyewe wa zamani alikuwa akiipiga juu kidogo ya sauti, miaka na miaka, na sijui kama kuna mwenzake yeyote aliyewahi kumwambia.