Nenda Dukani na Daftari la Mtoto

"Shikamoo mwalimu," jirani yangu mvuvi aliniita hata kabla hajafika barazani, na sijamaliza kuitika alikuwa ameshanikabidhi kitabu kilichofungwa kwa gazeti. Alikuwa ametoka Makambako. Kutoka kwetu Lupingu huko si karibu: unapanda mlima kwenda Ludewa mjini, unaunga hadi Njombe, halafu Makambako, na nauli inakula faida ya dagaa wa wiki nzima. Kitabu kilipendeza: jalada la kung'aa, twiga anacheka, bei ya shilingi 8,000 imebandikwa nyuma. Mwanawe ana miaka 9, yuko darasa la tatu, na siku ya imla hataki kwenda shule.

Nilifungua chati ya alfabeti nikakuta Q na X. Nikakifunga.

Jirani alidhani nina maringo. Lakini Kiswahili sanifu hakina Q wala X, na C haisimami peke yake, inatembea na h tu. Chati yenye herufi hizo imenakiliwa kutoka kitabu cha Kiingereza, kisha mtu akahangaika kutafuta picha za kujazia visanduku. Aliyeinakili hakukaa kuisikiliza lugha anayoifundisha, na kitabu chake chote kitakuwa hivyo. Hadi leo sijawahi kujuta kukirudisha rafuni kitabu cha Q.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 27, na sasa nafundisha barazani tu. Wengi wanaokuja kuniuliza ni wazazi wanaotaka kumfundisha mtoto nyumbani, jioni au wakati wa likizo ya Juni na Desemba. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aandikishwe shule na ahudhurie, kwa hiyo kwetu masomo ya nyumbani ni ya kuongezea. Hilo lina raha yake: hukimbizani na silabasi. Mwalimu wa darasani ana watoto wengi mbele yake, hawezi kumsubiri mmoja. Wewe unaye huyo mmoja, na sufuria ya ugali ikishaepuliwa unayo nusu saa. Kitabu unachokitafuta ni cha nusu saa hiyo.

Usiende dukani mikono mitupu. Chukua daftari la imla la mtoto, la mwezi mzima, na ulisome kwanza nyumbani. Nilimwomba jirani aniletee la mwanawe. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita kila ukurasa: 2 kati ya 10, 3 kati ya 10, "ongeza bidii". Nikachukua penseli nikaanza kuyapanga makosa kwa aina, nikiacha maksi kama zilivyo. Kulikuwa na sentensi alizojitungia mwenyewe, na hizo ndizo zenye siri. "Dada anavua samaki usiku." Dada yake ana miaka minne, alitaka kuandika baba. "Mama ameenda shaba." Ni shamba. "Samaki wa Njombe ni gari." Huyo ni ghali. "Kiatu hiki hakinifa." Hapo alitaka hakinifai, na kabla yake kuna mahali aliandika kufa akikusudia kufaa.

Makosa yalikuwa zaidi ya 30, lakini yote yalitoka kwenye mashimo matano: b na d, herufi m na n zinazotangulia konsonanti nyingine, gh, r na l, na irabu zinazofuatana. Mashimo hayo hayafukiwi kwa udongo mmoja. Gari badala ya ghali ni suala la sikio. Barazani kwetu dhahabu ni zahabu, thelathini ni selasini, na mtoto anayekulia kwenye Kikisi, Kipangwa au Kimanda anaandika kwa uaminifu kile anachokisikia. Lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikasimamia tahajia yake. Gh, dh na th za maneno yenye asili ya Kiarabu zikaja na mzigo huo. Mtoto wa namna hii anahitaji kitabu chenye jozi za kusikiliza: kalamu na karamu, zana na dhana, samani na thamani. Asikie kwanza, aandike baadaye.

Baba kugeuka dada ni jambo jingine kabisa. Huyo mtoto anasikia vizuri na anatamka vizuri. Jicho na mkono ndivyo vinavyogombana. Na shaba badala ya shamba ni mtoto ambaye neno linampita kwa kasi, anadaka vipande vikubwa na kuacha vidogo.

Hapa niseme kidogo kuhusu disleksia, maana wazazi wengi hawajaisikia na wengine wakiisikia wanadhani ni ugonjwa wa akili. Ni ugumu wa kuunganisha sauti na herufi, na haupimi werevu wa mtu. Kwenye lugha inayoandikwa karibu kama inavyotamkwa, kama Kiswahili au Kiitalia, mtoto mwenye ugumu huo mara nyingi hufika mahali akasoma kwa usahihi, ila polepole, na shida inabaki kwenye kuandika. Ndiyo maana unamsikia baba mtu akifoka: "Mbona anasoma? Haandiki kwa uvivu tu!" Sivyo. Kusoma unatambua kitu kilichopo mbele yako. Kuandika unakijenga kutoka hewani. Kabla ya yote hayo, mpeleke zahanati akapimwe macho na masikio. Niliwahi kumhangaikia mtoto muhula mzima kumbe sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, na mimi nilikuwa nasimama upande huo.

Sasa dukani. Akina mama Wakisi wanaofinyanga vyungu mwambao huu hawanunui chungu kwa rangi. Wanakigonga kwa kidole na kusikiliza. Kitabu cha tahajia nacho kina mahali pa kugongwa, napo ni katikati. Kurasa za mwanzo kila mchapishaji anazipamba. Fungua katikati, tafuta zoezi, chagua maneno 10. Halafu rudi nyuma ukurasa kwa ukurasa ukiuliza: neno hili limeundwa kwa herufi ambazo zimeshafundishwa? Kama somo limefika kwenye mb na zoezi linamdai mtoto aandike ng'ombe, na ng' haijafika, kitabu kinamdai deni ambalo hajakopa. Neno moja la namna hiyo ni bahati mbaya. Yakifika matatu kati ya 10, mwandishi hakuwa na mpango, alikuwa na orodha tu. Mtoto mwepesi ataruka shimo hilo bila kuliona. Wako ataanguka humo, na ataamini kwamba mjinga ni yeye.

Hicho ndicho kipimo changu kikuu, na kama huna muda wa vingine, kitumie hicho peke yake.

Kipimo cha pili ni majirani. Tazama herufi zinazofanana zimewekwa umbali gani. Vitabu vingi vinaanza b na d katika masomo mawili yanayofuatana, tena kwa maneno baba na dada, yote mawili yakiwa na picha za watu wamesimama. Naelewa kishawishi: ni maneno matamu, mtoto anayajua, yana herufi mbili tu. Lakini kwa mtoto mwenye shida ni kama kumtambulisha kwa mapacha siku moja kisha kumlaumu kwa kuwachanganya. Kitabu kizuri kinaikomaza b wiki kadhaa, kinapita kwenye k, m, t na s, ndipo kinaileta d. Vivyo hivyo r isilale kitanda kimoja na l hadi kila moja iwe imezoeleka, na ndipo zikutanishwe kwa makusudi. Ng na ng' nazo hivyo hivyo.

Cha tatu, chagua neno moja gumu, tuseme nyumba, na ulitafute kwenye kurasa 20 zinazofuata. Linarudi? Kama limeonekana mara moja likapotea kama meli iliyopita usiku, mtoto hatalikumbuka. Kitabu chenye maneno 200 yanayorudi rudi kinashinda chenye maneno 1,000 ya kupita. Mimi natoa maneno sita kwa jioni, mawili mapya na manne ya zamani, na nikiona mapya yamemshinda, kesho sileti mengine.

Angalia pia namna kinavyokata silabi. Kitabu kinachosema "gawanya neno mbuni katika silabi" bila picha kimekutega: mbuni ndege anapigiwa makofi mawili, mbu-ni, mbuni mti wa kahawa unapigiwa matatu, m-bu-ni. Mwandishi anayelijua hilo ataweka picha. Na ukikuta neno limekatwa mwisho wa mstari, "sh-" juu na "ule" chini, mrudishie muuza duka. Kitabu cha mtoto anayehangaika hakikati neno hata kidogo.

Kuhusu uchapaji sina mengi. Inua ukurasa kwenye mwanga wa mlango. Kama maandishi ya nyuma yanaonekana, yatamvuruga. Herufi ya a iwe ile ya mviringo anayoiandika kwa mkono, isiwe ile yenye kofia. Mistari iachane. Na kama kitabu kimefungwa kwa pini tu, kwa unyevu wa ziwa letu zitaoza kabla ya Pasaka.

Muhuri wa serikali je? Kurasa za mwanzo za kitabu kilichopitishwa utakuta cheti cha ithibati, na vitabu vya kiada siku hizi vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Tangu mtaala wa madarasa ya mwanzo ulipojikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mwaka 2015, mkazo umekuwa kwenye sauti ya herufi, na hilo nimelifurahia mno. Enzi zetu tuliimba "a, be, che" mwaka mzima mtoto akabaki anajua wimbo. Taasisi ina maktaba mtandao pia, ukipanda Njombe unaweza kuvisoma humo vitabu kabla ya kutoa hela. Lakini ithibati inakuambia kitabu kinafaa darasa, wala haikuambii kama kinamfaa huyu wako. Kitabu cha kiada kinakwenda kwa mwendo wa watoto wote. Unachokitafuta wewe ni kile kinachokubali kusimama. Ukikosa, nunua hicho hicho cha kiada na wewe ndiye usimame.

Kuna ndugu zetu wa mijini, na wengine wako Marekani na Uingereza, wanaotuma vitabu vya tahajia vya huko, hasa vile vinavyofuata njia ya Orton na Gillingham, iliyoanza miaka ya 1930: mtoto anaona, anasema, anasikia na kuichora herufi kwa kidole, vyote kwa pamoja. Njia ni nzuri, ninaitumia kwenye mchanga wa ufukweni bila gharama. Vitabu vyenyewe viache. Vinapoteza nusu ya kurasa kwa sheria za Kiingereza, herufi zinazoandikwa zisitamkwe na maneno yanayovunja kila kanuni. Kwetu hakuna balaa hilo. Mtoto wa Kiswahili ana mashimo machache ya kufukia, na kila ukurasa unaomfundisha shimo la lugha nyingine unamwongezea kazi.

Na programu za tableti? Mwaka 2017 hadi 2019 vijiji 170 vya mkoa wa Tanga vilifanyiwa majaribio ya shindano la XPRIZE, watoto wakijifunza wenyewe kwa Kiswahili, na washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Programu ina subira kuliko mimi. Itasema "nyu" mara 100 bila kupandisha sauti. Lakini nyingi zinamwomba mtoto achague herufi kwa kugusa, na kuchagua si kuandika. Bado atahitaji penseli, na mtu wa kukaa pembeni yake.

Kitabu cha Makambako hatukukitupa. Twiga na wenzake tuliwakata kwa mkasi wakawa kadi, na kwenye daftari la kurasa 96 nikampangia mtoto masomo yake mwenyewe kwa kufuata yale mashimo matano, b kwanza, d ikabaki kabatini wiki tano. Baba mtu anamsomea maneno sita kabla ya kwenda ziwani. Hakufika mbali shuleni na anasoma kwa kusitasita, na nadhani mwendo wake unamsaidia mtoto kuliko wangu.

Jumamosi iliyopita kijana alikuja akaandika mbele yangu, bila kufuta hata mara moja: "Baba anavua samaki usiku." Chini yake akaongeza kwa hiari yake: "Samaki ni gari." Sikushika kalamu nyekundu. Gh iko ukurasa wa 41, na sisi tuko wa 26.