Kuwaona Wanyama wa Udzungwa na Mikumi: Uchambuzi wa Safari ya Kifamilia kutoka Idete

Familia inayotoka Idete, katika Bonde la Kilombero, kwenda kutazama wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hupita chini ya Milima ya Udzungwa kwa sehemu kubwa ya safari yake, na kwa sababu hiyo hukutana, ndani ya siku mbili tu, na namna mbili za kuona ambazo hazifuati kanuni moja: ile ya mbugani, ambayo gari ni nyenzo yake kuu, na ile ya msituni, ambayo gari huiharibu. Malalamiko kwamba Udzungwa ni mlima mzuri usio na wanyama hutokana na kutumia kanuni ya mbuga ndani ya msitu. Ili safari ifanikiwe, lazima mwendo upunguzwe kwa makusudi kila mazingira yanapobadilika, na lazima saa ya kupita kila sehemu ichaguliwe kwa kuzingatia jua liko upande gani.

Jambo hili la jua linastahili kuelezwa kwanza, maana ndilo linaloamua kama mlima utaonekana au hautaonekana. Kutoka Idete hadi Ifakara njia huelekea mashariki, kwa hiyo dereva anayechelewa kuondoka hupigwa na jua usoni mwendo wote, na kioo chenye vumbi huizidisha adha hiyo. Anayeondoka alfajiri, kabla halijachomoza, huiepuka kabisa. Baada ya Ifakara njia hugeukia kaskazini, na kutoka hapo kupitia Kiberege hadi Mang'ula milima hukaa mkono wa kushoto, huku jua la asubuhi likitokea mkono wa kulia, juu ya tambarare. Mwanga huo huangukia moja kwa moja kwenye uso wa mashariki wa mlima, kiasi kwamba abiria wa kiti cha nyuma anaweza kuyatambua makorongo, miamba mitupu na michirizi ya maji. Alasiri hali hugeuka: jua huenda nyuma ya milima, uso wote huingia kivulini, na mlima ule ule hubaki kama ukuta mweusi usioonyesha kitu.

Msitu unaoonekana kutoka barabarani si wa kawaida. Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mfululizo wa milima ya kale sana unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia hapa kusini. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na ukuta huu, hupanda, hupoa na kuangusha mvua upande wa Kilombero. Upande wa pili, unaotazama Iringa, hubaki katika kile wanajiografia wanachokiita kivuli cha mvua, yaani eneo kavu lililo nyuma ya mlima ulioinyonya mvua yote. Kutokana na mvua hiyo, msitu umefunika mteremko bila kukatika kuanzia mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000, mwendelezo ambao ni nadra sana Afrika Mashariki, na kilele cha Luhombero hufikia mita 2,576. Familia iliyosimamisha gari pembeni mwa mashamba ya mpunga inaweza kuutazama mwendelezo huo wote kwa mtazamo mmoja, kuanzia miti ya bondeni hadi ile ya ukungu.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, haina barabara za utalii ndani yake. Gari huachwa makao makuu Mang'ula, na kuanzia hapo watu hutembea wakiongozwa. Wapo wanaouona upungufu katika jambo hili, lakini huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofanywa katika usimamizi wa mlima huu, kwa kuwa wanyama wake wengi husafiri juu ya miti, ambako matawi ya mti mmoja hugusana na ya mwingine, na barabara ingelikata dari hilo. Kwa watoto wadogo inafaa njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo ni mwendo mfupi tu kutoka langoni. Walio na miguu imara wanaweza kupanda hadi maporomoko ya Sanje, ambako maji hushuka jumla ya mita 170 hivi. Safari ya kilele cha Mwanihana, kilomita 38 kwa siku tatu, haiwafai watoto.

Ndani ya msitu sikio hutangulia jicho, na historia ya mlima wenyewe inalithibitisha hilo. Mwaka 1979 mtafiti Katherine Homewood, akiwa katika msitu wa Mwanihana, alisikia mlio mkubwa ambao aliufahamu kuwa wa jamii ya kima wanaoishi mbali na hapo, katika misitu ambayo hakuna aliyetegemea kuihusisha na Udzungwa. Wenyeji walikuwa wakimjua mnyama huyo siku zote na walimwita ngolaga; kwa sayansi alikuwa mgeni, na leo anajulikana duniani kwa jina la Sanje. Hupatikana Mwanihana na katika msitu wa Uzungwa Scarp tu, si mahali pengine popote. Kima mkubwa, anayeishi kwa makundi na kutafuta chakula chake kwa kiasi kikubwa ardhini, alibaki nje ya vitabu kwa sababu hakuna mtaalamu aliyekuwa amemsikiliza.

Familia hufuata utaratibu uo huo, japo haitafuti spishi mpya. Watafiti wanaohesabu kima Udzungwa hutembea kwenye mistari iliyopimwa kwa mwendo wa takribani kilomita 1 kwa saa, wakisimama mara kwa mara, na mwendo huo si wa uvivu: nyayo kwenye majani makavu hufunika sauti hafifu ambazo ndizo zinazomfichua mnyama. Mtoto anayefundishwa kusimama kimya kwa dakika chache hujifunza upesi kutenganisha tawi lililovunjwa na upepo, ambalo hulia mara moja, na tawi lililorukiwa na mbega mwekundu, ambalo huinama, hurudi juu, kisha hufuatwa na la pili na la tatu kwenye mstari ule ule. Jicho huelekezwa mbele ya mlio wa mwisho, pale mnyama anapokwenda. Mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani huunguruma alfajiri, na hao huweza kusikika hata kabla ya kushuka kwenye gari.

Mikumi, iliyo takribani kilomita 60 kaskazini mwa Mang'ula, hutaka kinyume chake. Hifadhi hiyo ya mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230, ina uwanda wazi wa Mkata, ambako twiga, pundamilia, nyati na swala pala wamezoea umbo la gari na hawalikimbii. Wanachokikimbia ni umbo la mtu aliyesimama, na ndiyo maana anayetoa kiwiliwili chake dirishani hupoteza alichokuwa akikitazama. Hapa jicho hutafuta mstari wa ulalo katikati ya mashina yaliyosimama wima, kwa kuwa mgongo wa mnyama ni ulalo, na hutazama pia swala wanatazama nini: kundi zima likielekeza masikio upande mmoja bila kula, huenda simba au chui yuko upande huo. Kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa, inayoikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, mwendo umewekewa kikomo na anayegonga mnyama hutozwa faini.

Kurudi Idete kunahitaji hesabu moja zaidi. Kati ya Mang'ula na Ifakara barabara hukatiza mapito ya tembo, yaani njia za kale zinazowaunganisha tembo wa Udzungwa na wale wa upande wa Hifadhi ya Nyerere kupitia msitu wa Magombera. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilipojengwa kwa lami, ilijengewa kivuko cha chini ili tembo wapite huku magari yakipita juu yao, na uzio ukawekwa kuwaongoza hadi hapo na kuwaepusha na mashamba. Tembo wa eneo lenye watu wengi hutembea zaidi usiku, kwa hiyo familia inayotoka Mikumi hujipangia kulipita eneo hilo kabla ya giza, na kama giza limeingia hupunguza mwendo na kuzima taa kali pale mnyama anapoonekana kando ya njia.